Shule ya msingi ya parokia: maswali ninayoulizwa getini

Nimekuwa katibu wa kamati ya wazazi katika shule moja ya parokia hapa Morogoro kwa muda wa kutosha kujua kwamba maswali hayaulizwi kikaoni. Kikaoni watu husaini mahudhurio, hunywa soda, hupiga makofi, basi. Maswali yananifuata Jumapili baada ya Misa ya kwanza, au jioni getini tukisubiri basi la shule lililochelewa. Mengi mwaka huu yanahusu jambo moja, mwaka 2027, kwa hiyo nimeanza nalo. Mengine nimeyaweka kadiri yalivyonijia. Majibu ni yangu, si ya ofisi ya mwalimu mkuu, na pale nilipotoa maoni utaona mwenyewe.

Ni kweli darasa la saba linafutwa?

Ni kweli, lakini si kwa wote kwa mpigo mmoja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma mwanzoni mwa 2025, inaifanya elimu ya msingi kuwa miaka 6 badala ya 7. Elimu ya lazima inakuwa miaka 10: hiyo 6 ya msingi, na 4 ya sekondari hadi kidato cha nne.

Mtaala mpya ulitangulia uzinduzi. Ulianza Januari 2024 kwa watoto wa awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo na kuendelea juu waliachwa na mtaala wa zamani mpaka wamalize. Mkanganyiko wote wa sasa umezaliwa hapo, kati ya darasa la tatu na la nne la mwaka 2024.

Kuna mama aliniambia, "Lakini shule za masista zina uhuru wao." Uhuru upo: wa ratiba ya sala, wa rangi ya sweta, wa nani aimbishe kwaya. Mtaala wa darasani ni wa taifa, na idadi ya miaka haipangwi na Mama Mkuu wala na Baba Askofu.

Mwanangu yuko la tano mwaka huu wa 2026, dada yake yuko la sita. Wanamaliza lini?

Wanamaliza pamoja. Aliye la tano sasa ndiye yule wa la tatu la 2024, mtoto wa mtaala mpya. Mwaka 2027 atakuwa la sita, na hapo ndipo safari yake ya msingi inaishia. Dada yake wa la sita alikuwa la nne mwaka 2024, kwa hiyo ni wa mtaala wa zamani na lazima afike la saba. La saba atalifikia 2027 hiyo hiyo. Januari 2028 wote wawili wanaingia kidato cha kwanza.

Ukiwa na watoto wawili wa namna hiyo, jiandae kununua matranka mawili, magodoro mawili na sare jozi mbili kwa mwezi mmoja. Ninamfahamu baba mmoja mwenye watatu, maana hao wa la tano ni mapacha. Nilipomchorea hesabu kwenye mchanga alinyamaza, akainuka, akaenda kukaa kwenye pikipiki yake.

Kwa shule yenyewe, 2027 maana yake ni madarasa mawili ya kumalizia kwa wakati mmoja, kila moja na vitabu vyake na kipimo chake. La saba watafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ule tunaoujua. La sita watapimwa kwa mtaala wao, na kwa kuwa elimu ya lazima inaendelea hadi kidato cha nne, nia ni kujua mtoto amefikia wapi, si kumchuja arudi nyumbani. Walimu wa Hisabati na Sayansi ndio watakaobeba mzigo. Kama shule yenu ina mwalimu mmoja tu wa Hisabati kwa madarasa ya juu, hilo liulizeni mwaka huu, si 2027 mwezi wa nane.

Kuna jambo ambalo wazazi Wakatoliki hasa hawajalipigia hesabu. Seminari ndogo, yaani sekondari za wavulana wanaofikiria upadre, na sekondari za masista huchagua wanafunzi kwa mtihani wao wenyewe wa kujiunga, na vitanda vyao vinahesabika. Mwaka huo watagombea watoto wa miaka miwili kwenye vitanda vilevile. Anayemtamani kijana wake aende seminari, aanze kuzungumza na paroko mapema. Barua ya paroko inahitajika, na paroko haandiki barua kwa mtoto asiyemjua sura.

Basi tunaokoa ada ya mwaka mmoja?

Unaokoa ada ya la saba, halafu kidato cha kwanza kinakuja mwaka mmoja kabla ya ulivyopanga. Aliyekuwa anaweka akiba polepole ndiye atakayeumia.

Upande wa pili hausemwi sana. Shule iliyokuwa na madarasa saba, kuanzia 2028 ina sita. Sehemu moja kati ya saba ya ada imeondoka, wakati mishahara, umeme, dizeli ya basi na mahindi ya uji viko palepale. Shule nyingi za majimbo ya Kanisa na mashirika ya kitawa zitataka kuziba pengo kwa kuongeza mkondo wa awali au kusajili sekondari kwenye eneo hilohilo. Sekondari ni usajili mwingine kabisa, na inadai maabara. Kwa hiyo ukiitwa kwenye kikao cha "maendeleo ya shule", elewa kwamba unaitwa kuchangia maabara. Mimi siipingi. Ninachotaka ni mchango uitwe mchango, uwekwe kwenye karatasi, na usiingizwe kwenye ada kwa jina la "marekebisho".

Na Kipaimara?

Nimefurahi umeuliza, kwa sababu hakuna anayeuliza.

Kwenye parokia nyingi, mtoto hupokea Komunyo ya Kwanza akiwa la tatu au la nne, halafu mafundisho ya Kipaimara, sakramenti ya kumwimarisha mbatizwa katika imani, huangukia la sita na la saba. Kila jimbo lina utaratibu wake, lakini mtindo ndio huo. Sasa mtoto anaondoka la sita, ana miaka 12, anakwenda kulala bweni mkoa mwingine. Mwaka wake wa pili wa mafundisho umebaki parokiani kwenu, kwenye daftari la katekista.

Sheria ya Kanisa haimfungi mtu kwenye darasa fulani. Kanuni ya 891 inasema Kipaimara kitolewe kwenye umri wa kuanza kutumia akili, isipokuwa baraza la maaskofu liwe limepanga umri mwingine au pawe na sababu nyingine nzito. Kwa hiyo mafundisho yanaweza kuanza mapema zaidi, na ninajua makatekista ambao tayari wanawaingiza watoto wa la tano. Nenda ukamuulize wa kwako. Usingoje tangazo, maana matangazo ya Jumapili ni marefu na hili litasomwa baada ya harambee ya paa, watu wakiwa wameshasimama.

Na ukienda, nenda na nakala ya cheti cha ubatizo. Fomu zitadai namba ya kitabu cha ubatizo, na kitabu hicho hukaa kwenye parokia alikobatizwa mtoto, si mnakosali sasa. Mkubwa wangu alibatizwa kwa bibi yake. Kuipata ile namba kulinigharimu wiki tatu, nauli mbili na jogoo mmoja. Jogoo hakudaiwa na mtu. Ni bibi aliyesema siwezi kwenda kwa katekista mikono mitupu.

Masomo mapya ni yapi? Mbona hakuna tena Maarifa ya Jamii?

Darasa la kwanza na la pili wanajikita kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, pamoja na Kiingereza, utunzaji wa afya na mazingira, utamaduni, sanaa na michezo, na dini. Kiingereza kuanza la kwanza ni jipya kwa shule za mkondo wa Kiswahili, ambako zamani kilianzia la tatu. Kwa shule zetu za mchepuo wa Kiingereza hilo si habari.

Kuanzia la tatu hadi la sita kuna Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, na Dini. Lugha kama Kifaransa, Kiarabu na Kichina ni za kuchagua pale zinapofundishwa. Maarifa ya Jamii pamoja na Uraia na Maadili yamebaki kwa wale wa mtaala wa zamani tu. Kwa hiyo usimnunulie wa la tano vitabu vya dada yake wa la sita, hata kama muuzaji wa pale stendi anaapa kwa jina la mama yake.

Vitabu vya kiada ni vya Taasisi ya Elimu Tanzania, na taasisi hiyo ina maktaba mtandao ambako unavisoma bure kwenye simu. Hakikisha tu kwanza mtoto hana orodha ya "vitabu vya lazima" vya wachapishaji wengine. Akiwa nayo, muulize mwalimu wa taaluma vina ithibati au la. Ni swali la kawaida, hakuna mwalimu mzuri anayekasirikia.

Kwa nini watoto wadogo hawapokelewi tena bwenini?

Kwa sababu tangu 2023 Serikali hairuhusu huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Shule za masista ziliguswa sana, kwani wazazi wengi walio safarini au wanaofanya kazi za zamu walizoea kuwaachia masista watoto wa miaka sita. Masista wengine walilalamika, wazazi wakalalamika zaidi.

Mimi nilikuwa miongoni mwa walalamikaji, na nimebadili msimamo. Matroni mmoja mzee aliwahi kuniambia kwamba kazi yake usiku haikuwa kulinda mlango, ilikuwa kuhama kitanda hadi kitanda akiwatuliza wanaomlilia mama. Kuanzia la tano bweni linaruhusiwa kwa shule yenye kibali. Omba kukiona hicho kibali.

Sisi ni Waislamu. Mtoto atapokelewa? Atalazimishwa kwenda Misa?

Atapokelewa. Shule yetu ina watoto Waislamu, Walutheri, Wasabato na wa makanisa ya kiroho, na Morogoro hii hakuna wa kushangaa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, kwenye tamko lake la elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema Kanisa linazithamini mno shule zake zinazosomesha pia wasio Wakatoliki, hasa huku kwenye makanisa machanga. Hata Ibara ya 19 ya Katiba ya nchi inampa kila mtu uhuru wa dini yake.

Ila mambo yasemwe mapema. Siku ya kuandikisha, uliza wazi: kipindi cha dini mtoto wangu atakaa wapi? Misa ya shule ataingia, au atabaki darasani na mwalimu? Ijumaa je? Mwezi wa Ramadhani, uji wa saa nne atafanyaje? Nywele na ushungi, utaratibu ukoje? Shule hazifanani. Nyingine zinampa mtoto mwalimu wa dini yake, nyingine zinaweka sharti kwamba wote wahudhurie sala ya asubuhi. Ukisaini fomu yenye sharti hilo halafu ukaja kugomba mwezi wa tatu, mimi kama katibu nitakuwa na kazi ngumu kukusaidia.

Hofu kwamba mtoto atabatizwa kimyakimya iondoe. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 868, inadai mzazi mmoja angalau akubali. Na kwa wanaouliza kwa sauti ya chini: jiko letu halipiki kitimoto. Ni maharage, dagaa, makande, na nyama ya ng'ombe siku ya mtakatifu somo wa shule.

Shule yenye jina la mtakatifu si ni ya Kanisa?

Hapana, na hapa watu wameliwa fedha. Mtu yeyote anaweza kuandika jina la mtakatifu getini, akachora rozari kwenye nembo na kuweka sanamu ya Bikira Maria kwenye bustani. Kanuni ya 803 ya sheria ya Kanisa inasema hakuna shule itakayojiita Katoliki bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa, hata kama kwa mwenendo ni Katoliki kweli. Na kanuni ya 806 inampa askofu haki ya kuzisimamia na kuzitembelea shule Katoliki za jimbo lake, hata zile za mashirika ya kitawa.

Kwa hiyo kuna shule za jimbo, za parokia, za mashirika kama Masista wa Moyo Safi wa Maria wa Mgolole huku kwetu au Wabenediktini wa Chipole kule Songea, halafu kuna za watu binafsi ambao ni Wakatoliki wema na wengine ambao si wema wala si Wakatoliki. Shule ya mtu binafsi yaweza kuwa nzuri sana. Ubaya ni pale unapolipa ukiamini nyuma yake yupo askofu, kumbe nyuma yake yupo mtu mmoja na mkopo wa benki.

Kuna njia rahisi ya kujua. Angalia jina la akaunti unayolipia ada. Mali za jimbo au shirika kwa kawaida huwa chini ya wadhamini waliosajiliwa, na jina hilo huonekana kwenye karatasi za benki. Uliza namba ya usajili wa shule, ambayo kwa shule ya msingi huanza na herufi EM. Kisha muulize paroko wa eneo hilo swali moja tu: "Baba, askofu alikuja hapa lini?" Akikuna kichwa, umepata jibu.

Zamani wamisionari walifundisha bure. Leo Kanisa linatoza ada. Limekuwaje?

Swali hili huja na hasira, nami sitalijibu kwa haraka.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo wakitokea Zanzibar mwaka 1868. Watoto wao wa kwanza walikuwa waliokombolewa utumwani. Walifundishwa kusoma, dini, useremala, uhunzi na kilimo. Leo mafunzo ya ufundi tunayaita "amali" kana kwamba neno limezaliwa jana. Karakana za Bagamoyo zilikuwa zinatoa maseremala kabla ya mkoloni wa Kijerumani kufika. Fedha za kazi hiyo zilitoka kwa waamini wa Ulaya. Baadaye, enzi za Waingereza, shule za misioni zilizofikia viwango zilipewa ruzuku na serikali ya kikoloni. Kwa hiyo hata "bure" ile ilikuwa na mlipaji. Mlipaji hakuwa wewe.

Mwaka 1969 ikaja sheria ya elimu iliyozitaifisha. Majengo, madawati, walimu, vyote vikawa vya umma. Marian College hapa Morogoro ikawa Kilakala. St. Mary's ya Tabora, alikofundisha Mwalimu Nyerere kijana, ikawa Milambo. Pugu, ambako pia alifundisha mpaka akaacha kazi kwa ajili ya siasa mwaka 1955, ikawa ya Serikali. Aliyezitaifisha ni yeye mwenyewe, Mkatoliki wa Misa za asubuhi, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu na mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa jimboni Musoma. Wazee wetu wengine hawakumsamehe. Binafsi naona alikuwa sahihi: mtoto wa Kiislamu wa Kilwa alikuwa na haki ya kukaa kwenye dawati lile bila kubadili jina lake.

Milango ilifunguka tena miaka ya 1990. Mwaka 1992 Serikali ilitia saini makubaliano na makanisa kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Mwaka 1995 sheria ya elimu ilirekebishwa na shule zisizo za Serikali zikaongezeka. Lakini shule hizi mpya zilianza bila ruzuku na bila wafadhili wa zamani, ambao nao Ulaya wamezeeka. Ndiyo maana ada. Wakati huohuo shule za msingi za Serikali ziliacha kutoza ada tangu 2002, na 2016 elimu bila malipo ikafika hadi kidato cha nne. Matokeo yake yanaumiza: shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa watumwa, leo mtoto wa muuza mchicha anaipita nje.

Mfuko wa ufadhili upo katika shule kadhaa, wetu ukiwemo, ila ni mdogo na hautangazwi. Njia yake ni jumuiya ndogondogo, vile vikundi vya waamini wa mtaa mmoja: mwenyekiti wa jumuiya anaandika barua, paroko anaidhinisha. Anayestahili na aone aibu kidogo, kisha aandike.

Shule imekuwa ya ngapi kitaifa?

Sijui, na anayekutajia namba ameipiga mwenyewe kwa kikokotoo. Tangu mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani limeachana na kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Matokeo ya kila shule bado yanawekwa wazi, kwa hiyo yafungue usome alama za masomo. Mimi huanza na Hisabati, halafu natazama waliofanya mtihani walikuwa wangapi, kisha nauliza walioanza la kwanza walikuwa wangapi. Shule iliyoanza na watoto 60 ikamaliza na 31 wote wenye A haijafundisha zaidi ya wengine, imepunguza tu.

Viboko vinaruhusiwa shule ya masista?

Kanuni za Serikali za 2002 zinasema adhabu ya kiboko hutolewa na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na inaandikwa kwenye kitabu. Kwa hiyo mwalimu wa zamu anayetembea na fimbo amevunja kanuni, awe amevaa shela au suti. Kiboko sikipendi, na kamatini nimeshalisema mara kadhaa.

La uzito zaidi ya kiboko ni usalama wa mwili wa mtoto. Uliza nani anabaki na watoto jioni, vyoo viko wapi, na mtoto akitaka kusema jambo anamwendea nani. Tangu 2019, kwa waraka wa Papa Fransisko, kila jimbo linapaswa kuwa na njia ya kupokea taarifa za unyanyasaji. Ipo pia namba 116, bure kwa mitandao yote, ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto. Usianze kwa kuuliza "tutamchafua Padre?" Anza na mtoto.

Nataka kumhamisha. Nianzie wapi?

Namba ya PReM, yaani namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa kumbukumbu wa Serikali. Kila mwanafunzi anayo, na bila hiyo atakaa darasani shule mpya kama mgeni wa harusi asiye na kadi. Uhamisho hufanywa na walimu wakuu wawili kwenye mfumo. Shule zingine hukataa kuuachilia mpaka deni la ada liishe. Malizana nao kwa maandishi. Na kwa hali ya mwaka huu, usimhamishe wa la tano au la sita bila kuhakikisha shule uendayo inajua yuko mtaala upi. Nimeshaona wa la sita amewekwa chumba kimoja na wa la tano "kwa muda", muda ukawa muhula.

Kwa nini Sista mkuu amehamishwa? Alikuwa anafanya vizuri.

Kwa sababu ni mtawa, na mtawa hutumwa. Barua ya Mama Mkuu ikifika anafunga sanduku. Tumemwandalia kitenge na keki. Anayekuja badala yake pia ni mwalimu mwenye sifa, msimlinganishe wiki ya kwanza.

Yule kijana mwenye begi na jezi kwenye picha mpya ya ukumbini ni nani?

Ni Carlo Acutis, Mwitaliano aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, aliyetumia kompyuta kuorodhesha miujiza ya Ekaristi. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, wanampenda sana kwa sababu alicheza gemu, na wanaitumia hoja hiyo nyumbani kwangu kila jioni.

Mahafali ya 2027 yatakuwa mawili?

Hili limeshatugawa kamati. Wa la saba wanasema wao ndio wa mwisho na wanastahili siku yao. Wa la sita wanasema wao ndio wa kwanza. Mpishi anasema sufuria kubwa ni moja. Baba Paroko amesema tusubiri kalenda ya askofu, na mtunza hazina amesema kwa fedha iliyopo kuna pilau moja. Mmoja wa mapacha wa yule baba wa pikipiki aliniuliza kama anaweza kuvaa joho la dada yake baada ya dada kulivua. Nimeliandika kwenye ajenda za kikao kijacho, kipengele cha mengineyo.